Lengo la Chama Lipimwe Tangu Mtini Hadi Benki

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya Chilangala na jirani zake katika uwanda wa Makonde



Katika taarifa zinazosomwa kwenye Mikutano Mikuu ya vyama vya msingi, liko fungu moja ambalo aghalabu halikosekani: chama kimejiwekea lengo la kuongeza ukusanyaji wa korosho na kuboresha huduma kwa wanachama. Wanachama hupiga makofi, ukurasa hufunuliwa, na msomaji huingia katika mapato na matumizi. Mwaka unaofuata fungu lile lile husomwa tena, neno kwa neno. Hapana mtu awezaye kusimama na kusema kwamba chama kilishindwa, wala hapana awezaye kusema kwamba kilifaulu, kwa kuwa halikutajwa kiasi, wala tarehe, wala mtu mwenye dhamana. Maneno ya namna hiyo si lengo. Ni dua njema.

Wakazi wa pande hizi si wageni wa malengo yanayopimika. Mwishoni mwa mwaka 1970, Mwalimu Julius Nyerere alizitaja wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha. Wilaya hizo zilikuwa Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Tanga na Masasi. Mkutano Mkuu wa TANU wa mwaka 1971 ukaipa nchi nzima muda hadi mwisho wa mwaka 1975. Wazee waliokwenda darasani jioni, wakati ule masomo hayo yakiitwa ngumbaru, wangali wapo katika vijiji vya uwanda huu, na baadhi yao ndio wanaotia sahihi stakabadhi za korosho kwa mkono wao badala ya kidole gumba.

Kinachofaa kuangaliwa na makatibu katika kampeni ile ni jinsi lengo lenyewe lilivyoelezwa. Wakuu wa Elimu ya Watu Wazima hawakuishia kusema "watu wajue kusoma". Waliweka hatua nne. Hatua ya Kwanza ilikuwa ya mtu aliyejiandikisha na kuhudhuria theluthi mbili ya masomo ya mwaka. Ya Pili ilikuwa ya mtu anayezitambua herufi na tarakimu. Ya Tatu ilimtaka mtu asome na kuandika sentensi fupi, na kujumlisha na kutoa hesabu ndogo. Huyu ndiye aliyehesabiwa kuwa amejua kusoma. Ya Nne ilikuwa ya mtu anayeweza kusoma gazeti, kufuata maelekezo ya kilimo yaliyoandikwa, na kuweka daftari la mapato na matumizi yake. Kwa mpango huo mtu hakuweza kudai amefika mahali ambapo hajafika.

Mtihani wa taifa ulifanyika Agosti 1975. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 5. Waliofanya mtihani walikuwa takriban milioni 3.8, na waliofikia Hatua ya Tatu na ya Nne walikuwa takriban milioni 1.4. Tarakimu hizi tatu hazina budi kutazamwa pamoja. Kama Serikali ingetangaza ile ya kwanza peke yake, nchi ingeshangilia ushindi ambao haujapatikana. Kwa kuwa zilitolewa zote, ilijulikana kazi iliyobaki, na mitihani mingine ikafuata. Watu wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikadiriwa kuwa asilimia 67, walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977 na asilimia 21 mwaka 1981. Lengo la 1975 halikufikiwa kwa tarehe yake. Hata hivyo ni malengo machache ya miaka ile yaliyoacha faida kubwa kuliko hilo, na sababu mojawapo ni kwamba kila mara ilijulikana limebaki kiasi gani.

Chama cha msingi kinayo mizani ya aina hiyo hiyo, lakini aghalabu husoma upande mmoja tu. Kuna wanachama walioandikwa katika rejesta. Kuna waliolipa hisa zao. Kuna walioleta korosho msimu huu. Na kuna waliolipwa fedha yao yote. Hawa ni makundi manne, na hupungua kadiri mtu anavyoshuka. Katibu anayejibu kwamba chama chake kina "wanachama 600" ametaja Hatua ya Kwanza.

Mfano wa kinyume chake uko karibu vilevile. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ukubwa wa mashamba ulipangwa kuwa zaidi ya ekari milioni 3. Tarakimu ilikuwepo, tena kubwa, na miaka ilitajwa. Kilichokosekana ni kipimo cha udongo, cha mvua na cha uwezo wa mashine, kabla ya ahadi kutolewa London. Mpango uliachwa Januari 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilibaki kuwa faida, lakini reli iliyojengwa kwenda Nachingwea iling'olewa baadaye. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba kila lengo lenye namba ni lengo jema. Namba iliyotoka juu bila kuuliza shambani ni hatari kuliko dua, maana watu huogopa kuikana.

Sasa yafaa kuingia katika korosho zenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 ilikusanya chini ya tani 17,000. Sababu za anguko hilo zimeandikwa mara nyingi: wakulima walihamishiwa vijijini na mikorosho ikabaki mbali, porini, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa Mei 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na ugonjwa wa ubwiri unga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, ukashambulia maua. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba tani zilizokusanywa ni kipimo kinachochelewa. Mkorosho ulioachwa bila kupaliliwa haukufi mwaka ule ule. Huendelea kuzaa, kidogo kidogo ukipungua, na mwenye kutazama jumla ya tani peke yake hupata habari za ugonjwa wakati maziko yamekwisha. Laiti kila kijiji kingekuwa na daftari la miti inayohudumiwa, hatari ingeonekana misimu kadhaa mapema.

Baada ya hapo hali iliinuka tena, kwa salfa, kwa miche bora ya Kituo cha Utafiti Naliendele, na kwa bei. Msimu wa 2017/18 zilipatikana takriban tani 313,000. Msimu wa 2022/23 zilishuka hadi karibu tani 189,000, na msimu wa 2024/25 zikapanda kupita tani 500,000. Serikali imekuwa ikitaja lengo la tani milioni moja. Hiyo ni kazi ya taifa. Swali la katibu wa Chilangala ni jingine kabisa: katika tani hizo, chama chake kinabeba kilo ngapi, kwa miti ipi, na kwa mifuko mingapi ya salfa?

Ichukuliwe hesabu ya kufundishia, ambayo si ya chama chochote. Chama kina wanachama 600 na miti 18,000 inayozaa. Msimu uliopita kilikusanya kilo 126,000, yaani kilo 7 kwa mti. Mkutano Mkuu ukikubali kwamba kwa huduma nzuri mti utoe kilo 9, lengo ni kilo 162,000. Hapo wengi huishia, wakaandika tarakimu hiyo ukutani na kungoja Oktoba. Lakini kilo 9 kwa mti hazitoki mbinguni. Kwa ushauri uliozoeleka wa gramu 250 za salfa ya unga kwa mti katika kila mzunguko, na mizunguko mitano kila baada ya siku 14, mti mmoja unahitaji kilo 1 na robo. Miti 18,000 inahitaji kilo 22,500, nayo ni mifuko 900 ya kilo 25. Ikiwa hadi maua yanaanza kutoka ghala la chama limepokea mifuko 500, basi miti itakayohudumiwa kikamilifu ni 10,000 tu. Lengo la kilo 162,000 limekwisha kuanguka, ingawa hapana aliyeokota hata korosho moja. Katibu mwenye hesabu hii ataandika barua kwa Chama Kikuu mapema, akitaja pengo la mifuko 400. Asiye nayo ataandika Januari, akitaja "hali ya hewa".

Ndiyo maana lengo la mwisho halina budi kuzaa malengo madogo yanayolitangulia, kila moja likiwa na mwezi wake na mtu wake. Karani wa tawi ajibu juu ya idadi ya miti iliyohesabiwa. Mtunza ghala ajibu juu ya mifuko iliyoingia na iliyotoka, na mikono iliyoipokea. Wajumbe wa bodi, ambao kila mmoja ana kitongoji chake, wajibu juu ya mashamba yaliyopaliliwa kabla ya korosho kudondoka; maana korosho iliyodondokea majanini haionekani, na ikionekana imekwisha pata unyevu. Hesabu za vitongoji zikijumlishwa zilingane na za tawi, za matawi zilingane na za chama, na za vyama zilingane na za Chama Kikuu. Zisipolingana, kosa litafutwe wakati ule ule. Mtaalamu wa uongozi Peter Drucker, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba kila kiongozi wa idara yafaa awe na malengo yake mwenyewe aliyoshiriki kuyaweka, yanayolisha lengo la shirika zima. Makampuni makubwa yalilipokea wazo hilo kama jambo jipya. Chama cha ushirika kinalo tayari katika maumbile yake, kwa kuwa mwenye mali ndiye anayekaa katika Mkutano Mkuu na kupitisha makisio na ukomo wa madeni. Kinachobaki ni kutumia haki hiyo kwa tarakimu badala ya makofi.

Hapa pana mtego ambao hauna budi kutajwa waziwazi. Kipimo kikiwa kimoja, watu hukitumikia hicho na kusahau kazi. Karani akipimwa kwa kilo tu, atapokea korosho zenye unyevu, zenye mchanga, na zile changa zilizopukutishwa, mizani itafurahi. Ghala kuu zikikataliwa, au zikiwekwa daraja la pili, hasara huwa ya wanachama wote, pamoja na yule aliyeanika zake siku tatu juani. Mnunuzi hanunui uzito wa ganda. Hupima kiini kinachopatikana, na kwa desturi ya biashara hii huhesabu pauni za kiini katika gunia la kilo 80. Kwa hiyo kando ya kilo zilizopokelewa ziandikwe kilo zilizoingia daraja la kwanza, na magunia yaliyorudishwa kuanikwa upya. Karani aliyerudisha magunia 20 mwezi Oktoba asionekane mvivu kwa sababu jumla yake ni ndogo. Huenda ndiye aliyeilinda bei ya chama.

Kipimo kingine ambacho vyama hukionea haya ni tofauti ya uzito kati ya mizani ya tawi na mizani ya ghala kuu. Katika ule mfano wa kilo 162,000, ikiwa katika kila kilo 1,000 zinapungua 6, jumla ni kilo 972. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, ni shilingi 2,916,000. Sehemu yake ni unyaufu wa kawaida, kwa kuwa korosho hukauka. Sehemu nyingine yaweza kuwa mizani isiyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, au gunia lililotoboka, au mkono wa mtu. Hapana ajuaye mpaka tofauti iandikwe safari kwa safari, kwa namba ya gari na tarehe. Ikiandikwa jumla mwisho wa msimu hugeuka kuwa ugomvi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi za ghala, na kuanzia msimu wa 2024/25 minada imepitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Katika mnada wa kwanza wa msimu huo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ni jambo ambalo katibu haliwezi. Litategemea India, Vietnam na meli. Lakini kutoka siku ya mnada hadi siku ambayo fedha inaingia katika akaunti ya mwanachama kuna siku zinazoweza kuhesabika, na katika siku hizo zipo ambazo ni za mnunuzi, zipo za Chama Kikuu, na zipo za chama chenyewe. Zile za chama chenyewe ndizo za kuwekewa lengo. Orodha ya malipo ikipelekwa benki na majina yasiyolingana na akaunti, malipo hurudi, na mjane aliyepeleka kilo 90 hungoja majuma mengine mawili. Lengo zuri katika jambo hili ni dogo na kavu: malipo yaliyorudishwa na benki kwa makosa ya orodha yasizidi idadi fulani kwa kila mnada, na yawe yamesahihishwa ndani ya siku zilizotajwa. Mwanachama anayechelewa kulipwa ndiye anayekwenda kwa kangomba msimu ujao. Huko hupunjwa kwa kipimo cha bakuli, lakini hupata fedha ya ada ya mtoto siku ile ile. Kumlaumu bila kuhesabu siku zake za kungoja ni kumwonea.

Kwa sababu hiyo, kila mwisho wa mwezi wa msimu katibu awe na orodha ya wanachama ambao hawajaleta hata kilo. Orodha hii isibandikwe ukutani, maana miongoni mwao wamo wagonjwa na wafiwa. Ipelekwe kwa mjumbe wa kitongoji, aende akaulize kwa adabu.

Yapo mambo ambayo huvunja lengo bila kosa la mtu. Msimu wa 2018/19 wakulima waliikataa bei ya minada ya kwanza, na tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likashiriki kuzisomba. Kisha ukafuata uhakiki wa wakulima na mashamba yao ili kuwatenga wafanya kangomba, na malipo ya wengi yakaendelea hadi mwaka 2019. Hapana chama kilichokuwa na jambo hilo katika makisio yake. Hata hivyo mwanachama ambaye miti yake na shamba lake vilikuwa vimeandikwa katika daftari la chama alikuwa na la kumwonyesha mhakiki. Ambaye hakuandikwa alikuwa na maneno tu. Lengo likivunjika kwa sababu ya nje, lisifutwe wala tarakimu yake isibadilishwe kimyakimya ili ilingane na kilichopatikana. Iachwe palepale ilipo, na kando yake iandikwe sababu, na mwezi sababu hiyo ilipojulikana. Bodi ikitaka lengo jipya katikati ya msimu, iliandike katika muhtasari kwa tarehe yake, na mstari wa zamani ubaki ukisomeka. Mkaguzi akikuta tarakimu mbili na maelezo, hana la kutilia shaka. Akikuta tarakimu moja iliyokwanguliwa kwa wembe, hutilia shaka kitabu kizima.

Taarifa za mfumo wa MUVU, ambazo Tume ya Maendeleo ya Ushirika huzidai kwa vyama, zinasaidia. Lakini ni za kwenda juu. Mwanachama wa Chilangala hatafungua kompyuta kujua chama chake kimefika wapi. Kwake yeye inatosha karatasi moja kubwa katika ukuta wa ghala la tawi, iliyopigwa mistari kwa kalamu ya wino mzito: miti iliyohesabiwa, mifuko ya salfa, kilo za daraja la kwanza, kilo za daraja la pili, upungufu wa safari, siku za malipo. Kwa kila mstari kuwe na tarakimu tatu, yaani ya msimu uliopita, ya lengo, na ya leo. Karani aijaze kila Jumamosi kabla ya kufunga mizani, mbele ya wanachama watakaokuwapo, na atie sahihi. Pale ambapo hana tarakimu aache nafasi wazi asiizibe kwa kukisia, ili mjumbe wa bodi atakayepita Jumatatu aione, aulize imekosekana kwa nini, na aandike jibu alilopewa.